Neno "sound" la Kiingereza: ni neno moja au manne?

Mfasiri_Chumbageni

Wakuu, habari za saa hizi. Nina sentensi tano za Kiingereza kutoka nyaraka tofauti. Zote zina neno "sound", na "sauti" haiingii hata kwa nyundo:

1. "The hull was surveyed and found to be sound."
2. "They sounded the channel before entering."
3. "Cod sounds were salted and packed in barrels."
4. "Insert the uterine sound gently."
5. "A sounding rocket was launched from the platform."

Je, hili ni neno moja lililotanuka maana, au ni maneno mbalimbali yaliyofanana tahajia? Na mtu atajuaje ameshika lipi kabla hajaandika Kiswahili chake? Programu ya kutafsiri imenipa "sauti" mara tatu, na mara moja "roketi inayolia".

---

Kidahizo

Mkuu, ni maneno manne yaliyogongana. Sentensi ya 1 ina neno la uzima. Ya 2, ya 4 na ya 5 zina neno la kupima kina. Ya 3 ina neno la kuogelea, usicheke, nitaeleza. Lililobaki ni la sauti, na kwenye orodha yako halimo kabisa.

La sauti lilianzia Kilatini, "sonus", likapita kwenye Kifaransa cha Wanormani walioiteka Uingereza mwaka 1066, likaingia Kiingereza kama "soun". Halikuwa na d. Hiyo d ilidandia mwishoni kuanzia karne ya 15, kwa kuwa ulimi ukiwa tayari umebana penye n, d inatoka yenyewe. "Thunder" lilipata d yake vivyo hivyo, maana Waingereza wa kale walisema "thunor". Hata "bound" la "bound for Mombasa" halihusiani na kufungwa kamba: lilitoka Kinorsi cha Kale, lugha ya Waskandinavia wa zamani, "búinn", aliye tayari kuondoka, likaokota d njiani. Jamaa za "sonus" ambazo d haikuzifikia bado unazikuta kwenye "sonic", "resonance", "unison" na "consonant".

La uzima ni la kienyeji kabisa. Kiingereza cha Kale kilikuwa na "gesund", na Mjerumani hadi leo husema "gesund", Mholanzi "gezond". Kiingereza kikaangusha "ge-" ya mbele. Neno hili ndilo lenye matawi mengi kuliko yote, na Kiswahili hakina kisawe kimoja cha kuyabeba. "Safe and sound" ni salama salimini. "Sound asleep" ni kulala fofofo. "Sound argument" ni hoja yenye mashiko. "Soundly beaten" ni kuchapwa barabara. Benki iliyo "sound" ni imara kifedha. "Of sound mind" ni mwenye akili timamu, na hapo usijaribu ubunifu, kwa sababu ni lugha ya sheria: Sheria ya Urithi ya Kenya, kifungu cha 5, inampa haki ya kuandika wosia mtu yeyote aliye "of sound mind" na asiye mtoto. Sentensi yako ya 1 ni hii: bodi ya chombo ilikaguliwa ikaonekana nzima, haina ufa wala ubovu.

La tatu ni "sund", lililokuwepo katika Kiingereza cha Kale na Kinorsi cha Kale, na maana yake ya mwanzo ni kuogelea. Mzizi wake ni ule ule wa "swim". Kinorsi kililitumia pia kwa mlango wa bahari, ndiyo maana ramani zina Plymouth Sound, Long Island Sound na Puget Sound. Maarufu kuliko yote ni Øresund kati ya Denmark na Uswidi. Penye wembamba wake, Helsingør, upana ni kama kilomita 4, na wafalme wa Denmark walitoza ushuru wa meli hapo kuanzia 1429 hadi mkataba wa 1857 ulipoufuta. Ukikuta "Sound dues" katika hati ya zamani ya biashara, ni ushuru huo.

Tawi la pili la "sund" ndilo sentensi yako ya 3: kibofu cha hewa kinachomsaidia samaki kuelea. Watu wa Kanda ya Ziwa wanakijua vizuri, ni bondo. Mabondo ya sangara kutoka Ziwa Victoria yana soko kubwa China. Kwenye Kiingereza cha leo cha biashara hiyo utaona zaidi "fish maw", na "sounds" imebaki kwenye vitabu vya zamani na kwa wavuvi wa Atlantiki ya Kaskazini.

La nne ni "sonder" la Kifaransa cha Kale, kupima kina cha maji kwa kamba na timazi.

Kilichoyakutanisha ni matamshi. "Gesund" na "sund" zilikuwa na u fupi. Kiingereza kikarefusha u fupi iliyotangulia "nd", ndiyo maana "grund" ikawa "ground", "hund" ikawa "hound", na "pund" ikawa "pound". Maneno mawili ya Kifaransa yaliingia yakiwa na u ndefu tayari. Halafu kati ya karne ya 15 na ya 17 karibu u ndefu zote za Kiingereza zikageuka "au". Ongeza ile d iliyodandia, na unapata maneno manne yenye tahajia moja. Mjerumani, ambaye hakurefusha, bado ana "gesund" na "Sund" zenye u yake fupi.

Namna ya kuyatenganisha: tazama kwanza kazi ya neno katika sentensi. Likiwa kivumishi, au likiwa kielezi lenye "-ly", ni la uzima, karibu bila ubishi. Likiwa kitenzi kisha kikafuatwa na kivumishi, kama "it sounds good", ni la sauti. Likiwa kitenzi chenye yambwa, uliza yambwa ni nini. Kengele, honi, king'ora au herufi ni la sauti. Mto, bandari, tangi, kidonda au kiungo cha mwili ni la kina. "Soundings" kwenye wingi ni la kina karibu kila mara, hata katika siasa: "to take soundings" ni kupeleleza maoni ya watu chini kwa chini kabla hujatangaza jambo, na "to sound someone out" ni hilo hilo kwa mtu mmoja.

Kuhusu kamusi, tafuta zile zinazotenganisha vidahizo, yaani maneno makuu yanayofafanuliwa, kwa asili na kuvipa namba ndogo juu ya neno. Oxford kubwa hufanya hivyo. Merriam-Webster hutenganisha pia kwa aina ya neno, kwa hiyo namba zake huzidi nne na hazimaanishi asili tofauti: lazima ushuke hadi sehemu ya historia ya neno. Kamusi za wanafunzi ndizo mtego. Hupanga nomino pamoja, vitenzi pamoja, na bahari, sauti na kifaa cha daktari vinaishia chini ya kidahizo kimoja kama ndugu wa damu.

---

Tezi_na_Omo

Naongeza kwenye la kina, maana sentensi ya 2 ikitafsiriwa na mtu ambaye hajui kazi yenyewe itatoka "walipiga honi kwenye mkondo".

Chombo cha kazi hii kwa Kiswahili cha pwani ni bildi: kamba yenye timazi la risasi mwishoni. Kipimo ni pima, yaani urefu wa mikono miwili ikinyooshwa, na ndiyo "fathom" ya Waingereza: futi 6, sawa na mita 1.83. Timazi la kurushwa kwa mkono lilikuwa na uzito wa ratili 7 hadi 14, na kamba yake kama pima 25. Kitako cha timazi kina kishimo kinachojazwa shahamu. Likigusa chini, shahamu huokota mchanga, tope au vipande vya kombe, na nahodha anajua nanga itashika au itaburuta.

Alama za kamba ya Kiingereza zilikuwa hivi: pima 2, vipande viwili vya ngozi, 3, vipande vitatu, 5, kitambaa cheupe, 7, kitambaa chekundu, 10, ngozi yenye tundu, 13, kitambaa cha buluu, 15 na 17 kama 5 na 7, 20, kijikamba chenye mafundo mawili. Vitambaa vilitofautiana ufumaji ili mpimaji avitambue gizani kwa vidole au hata kwa midomo. Kwenye mto Mississippi, alama ya pima mbili iliitwa kwa sauti "mark twain", kina cha futi 12, kinachotosha meli ya mvuke kupita. Samuel Clemens, aliyewahi kuwa rubani wa meli za mto huo, akalichukua kuwa jina lake la uandishi mwaka 1863.

Makosa ya kupima ni ya aina tatu. Kamba ikitiwa alama ikiwa kavu itabadilika urefu ikilowa, kwa hiyo hulowekwa na kuvutwa kwanza. Chombo kikiwa kinatembea, timazi hurushwa mbele upande wa omo ili kamba iwe wima mpimaji anapoifikia. Kamba ikilala, kipimo kinazidi kina halisi, na kuzidi ndiko kunakozamisha watu. La tatu ni maji kupwa na kujaa. Pwani yetu tofauti wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, inapita mita 3, kwa hiyo kipimo kisichotolewa kimo cha maji ya saa ile hakifai kuingia kwenye ramani.

Mfasiri wa ramani za bahari naye aangalie maandishi ya pembeni. "Soundings in metres" na "Soundings in fathoms" ni ramani mbili tofauti kabisa. Namba 4 yenye 2 ndogo chini yake, kwenye ramani ya mita, ni mita 4.2. Kwenye ramani ya pima ni pima 4 na futi 2, karibu mita 7.9. Anayedhani mita ni pima anajiongezea maji ambayo hayapo. Na namba yenye mstari chini yake si kina, ni kimo cha mwamba au fungu linalobaki kavu maji yakipwa.

Sentensi ya 2: "Walipima kina cha mlango kabla ya kuingia." Inatosha.

---

Mfasiri_Chumbageni

Shukrani sana wakuu. Swali la nyongeza: "echo sounder" na "sounding board" niziweke wapi? Ya kwanza inatumia sauti lakini inapima kina.

---

Kidahizo

"Echo sounder" ni la kina, ingawa kifaa kinafanya kazi kwa sauti. Kinatuma mlio chini, kinahesabu muda hadi mwangwi urudi. Sauti husafiri majini kama mita 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo mwangwi ukirudi baada ya sekunde 0.2, safari nzima ni mita 300 na kina ni nusu yake, mita 150. Mjerumani Alexander Behm alipata hataza ya mbinu hiyo mwaka 1913. Andika "kipimakina cha mwangwi". Ukiandika "kitoa mwangwi" umeeleza njia, ukaacha kazi.

"Sonar" nayo inachanganya. Inafanana na "sonus" na inafanana na "sonder", lakini ni kifupisho kilichoundwa wakati wa Vita Vikuu vya Pili kwa kuiga "radar", na "so" yake ni ya "sound" la sauti.

"Sounding board" ni la sauti, ingawa wengi hukisia la kina kwa sababu leo humaanisha mtu unayempima mawazo yako. Asili yake ni ubao uliowekwa juu ya mimbari ili sauti ya mhubiri iwafikie watu wa nyuma.

Nyingine ya kuchunga ni "sound as a bell". Kuna kengele, na bado ni la uzima: kengele isiyo na ufa. Na nyangumi akiambiwa "sounded" hakulia, amezama kwenda chini.

---

Mkunga_Zamu_ya_Usiku

Hii ya 4 naomba niishike mimi, ina hatari kuliko zote.

"Uterine sound" ni kijiti cha chuma au plastiki chenye ncha butu na alama za sentimita. Kinapitishwa kwenye shingo ya kizazi hadi kigote sehemu ya juu ya mji wa mimba, ili kupima urefu kabla ya kuweka kitanzi, au koili kama wanavyosema Kenya. Kwa kitanzi cha shaba cha T 380A, maelekezo ya kifaa yanataka urefu uwe kati ya sm 6 na 9. Kipimo hicho ndicho kinachopanga kikomo kwenye mrija wa kuwekea. Kijiti kikiingia ndani kupita ulivyotarajia bila kugota popote, unasimama hapo hapo, kwa sababu huenda ukuta umetobolewa. Hutokea zaidi mji wa mimba ukiwa umelalia nyuma na mtoa huduma hakuupapasa kwanza kujua umeelekea wapi.

Sasa mtu aandike "ingiza sauti ya kizazi taratibu"! Andika "kipimakina cha mji wa mimba", na mara ya kwanza eleza kuwa ni kijiti chenye alama za sentimita.

Ubaya ni kwamba mwongozo huo huo unaweza kuwa na "heart sounds" na "bowel sounds", ambazo ni sauti kweli kweli. Kwenye kupima presha, ile sauti ya kwanza kusikika mshipani kikanda kikilegezwa ndiyo namba ya juu, na inapopotea ndiyo namba ya chini. Kigezo changu: sauti husikika kwa kifaa, kipimakina huingizwa, hupitishwa au huchomolewa. Tazama kitenzi cha jirani.

Wenzetu wa Kongo, Burundi na Rwanda waliosomea tiba kwa Kifaransa wana mtego wao. "Sonde" ya Kifaransa ni neno lile lile la kina, lakini "sonde urinaire" ni mpira wa mkojo, wenye tundu la kupitisha mkojo. "Urethral sound" ya Kiingereza ni chuma kisicho na tundu, cha kutanua njia ya mkojo iliyobana. Jina lina asili moja, ila ukimletea daktari kimoja badala ya kingine hakuna kitakachotoka.

---

Lugha_Tu

Kidahizo, nakubaliana na mengi ila hilo la "manne" nalitilia shaka. Kiingereza cha Kale kilikuwa na "sundgyrd", fimbo ya kupimia maji, na "sundline", kamba ya kupimia. Hapo "sund" ni bahari. Basi "sonder" ya Kifaransa inaelekea kuwa imechukuliwa kwa mabaharia wa kaskazini, ikarudi Uingereza imevaa nguo za Kifaransa. Yaani la tatu na la nne ni mtu na mpwa wake, na asili ni tatu.

Pia tuseme mapema kabla mtu hajaja nalo: "sauti" yetu haikutoka "sound". Imetoka Kiarabu "sawt", na kufanana kwake na Kiingereza ni bahati tu. Kilichotoka "sound" ni "saundi" ya mitaani, ile ya kumpiga mtu saundi.

---

Kidahizo

@Lugha_Tu hoja yako nzito. Wapo waliotafuta asili ya "sonder" kwenye Kilatini, "sub" na "unda", chini ya wimbi, lakini hizo "sundgyrd" na "sundline" ni ushahidi mzuri zaidi, nami naegemea huko. Kamusi huyaweka mbali kwa sababu yaliingia Kiingereza kwa milango miwili. Kwa mfasiri hesabu inabaki nne, kwa kuwa Kiswahili chake kinadai maneno manne.

Nimalizie ya 5, tumeisahau. "Sounding rocket" hupanda juu na kushuka bila kuzunguka dunia, ikipima tabaka za anga njiani. Ni kina kilichogeuzwa juu chini. Roketi hizo zilirushwa kutoka majukwaa ya Waitaliano baharini karibu na Malindi kuanzia 1964, kabla ya satelaiti ya Uhuru kurushwa kutoka huko huko tarehe 12 Desemba 1970. Wataalamu wa hali ya hewa nao huita "sounding" vipimo vinavyoletwa na puto lenye "radiosonde", kifaa kinachotuma vipimo kwa redio: joto, unyevu na kanieneo kwa kila kimo. Andika "roketi ya kupimia anga".

---

Mfasiri_Chumbageni

Nimeelewa. Basi ya 3 nimeandika: "Mabondo ya chewa yalitiwa chumvi na kupakiwa kwenye mapipa."

---

Tezi_na_Omo

Bondo sawa, chewa ngoja kidogo. Kamusi nyingi zinampa "cod" jina la chewa, lakini chewa wa pwani yetu ni samaki wa miambani, mwenye mdomo mkubwa na madoa, wala si wa ukoo huo. Msomaji wa Pemba atajiuliza nani anatia mabondo ya chewa kwenye mapipa. Weka "chewa wa Atlantiki" mara ya kwanza, kisha endelea na "chewa". Wala usijaribu kulitohoa liwe "kodi", maana mabondo ya kodi yataipeleka hati yako TRA.